Msemaji wa Tupokigwe

Tupokigwe alikuwa na miaka sitini na saba siku alipoudaka mpira kwa kifua na kushindwa kuurusha.

Ligi ya Wakongwe ilikuwa imefika nusu fainali. Wanawake wa Tukuyu mjini walikuwa wakicheza netiboli na wanawake wa Kiwira, na Tupokigwe ndiye aliyekuwa senta. Watu waliojaa kandokando ya uwanja walikuwa wameshazoea kuona mabibi wakiruka na kukimbizana. Watoto wa Rungwe wa siku hizo hawakujua kwamba bibi anaweza kuwa mtu wa kukaa tu. Mumewe, Nsajigwa Mwakalinga, alikuwa amekaa kwenye benchi na chupa ya chai mapajani. Aliuona mpira ukimgonga mkewe. Akamwona akijikunja kidogo, kama mtu aliyekanyaga msumari na hataki wenzake wajue, kisha akaupitisha mpira kwa chini na kuendelea kukimbia.

Walishinda. Njiani kurudi nyumbani wenzake waliimba, yeye hakuimba.

"Umeumia?" Nsajigwa alimuuliza walipobaki wawili.

"Mpira tu."

Jioni alikuwa jikoni akichambua maharage. Aliweka ungo chini akasema, "Baba Ikupa, hebu lete mkono wako." Akauchukua mkono wa mumewe, akaupitisha ndani ya blauzi, akaubonyeza ubavuni mwa titi la kushoto, karibu na kwapa. Palikuwa na kitu kigumu, kikubwa kuliko punje ya harage, kisichosogea.

"Kina muda gani?"

"Tangu mahindi yakiwa mabichi."

"Na hukusema!"

"Ningesema ungenipeleka kliniki, na Kiwira wangetufunga." Akacheka, akauvuta ungo wake.

Nsajigwa hakucheka. Kilichomtisha hakikuwa uvimbe peke yake. Kilichomtisha ni namna mkewe alivyocheka, bila hofu hata kidogo, kama aliyekuwa akizungumzia kuku aliyetoroka.

*

Kliniki ya kinga ilijengwa baada ya homa ya ukungu kupita mara ya tatu. Homa ile ilikuja na baridi ya mwezi wa sita. Vijana waliugua, wakakohoa, wakapona. Wazee hawakupona. Kuna vijiji vilivyobaki bila mtu hata mmoja aliyekumbuka mipaka ya mashamba. Ndipo serikali ilipoleta vipandikizi, na tangu hapo kila aliyekaribia miaka hamsini aliwekewa kimoja chini ya ngozi ya bega, kidogo kama kidonge. Nsajigwa alikuwa nacho. Tupokigwe alikuwa nacho mwaka wa kumi na tisa sasa.

Daktari Subilaga Kasyupa aliwageuzia kioo cha picha waone. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini.

"Hii hapa nyuma ya mfupa wa kifua ni tezi ya thaimasi," alisema. "Mtoto huzaliwa nayo kubwa. Ndiyo shule ya askari wa mwili. Chembe nyeupe za damu zinaingia hapo hazijui kitu, zinafundishwa kumtambua adui na kutomgusa mwenye nyumba. Mtu akibalehe, homoni za utu uzima zinaanza kuinyausha. Akifika sitini, mahali pake pamejaa mafuta. Askari wapya hawatoki tena, wa zamani wamechoka. Ndiyo maana uzeeni homa ndogo inaua, na saratani inapata pa kuingilia."

"Hayo nilikufundisha mwenyewe darasa la sita," Tupokigwe alisema.

Daktari akatabasamu kidogo. "Ulinifundisha, mwalimu. Hukunifundisha haya mengine, kwa sababu hayakuwepo." Akagusa bega lake mwenyewe. "Kipandikizi kinatoa homoni ya ukuaji, inaiotesha tezi upya. Kwa mwanamke kinatoa na homoni za kike, ili mifupa na moyo viendane na huo ujana. Kwa watu wengi tunapata faida. Askari wapya wanaua seli mbovu nyingi kuliko zile zinazoamshwa."

"Kwa wengi," Nsajigwa alisema.

"Kwa wengi, baba. Homoni ya ukuaji haichagui inachokikuza. Uvimbe huu wa mwalimu unakula chakula kilekile kinachomlinda. Tena umejifunza kujifanya mwenye nyumba. Askari wanafika mlangoni, wanausalimia, wanapita."

"Basi si muukate tu?"

"Tutakata. Lakini mbegu zake zimeshaingia kwenye tezi za kwapani, na nadhani zimefika mbali zaidi. Tukikata huku kipandikizi kinaendelea kuzilisha, zitaota tena. Inabidi tukishushe."

"Na kikishushwa?"

"Tezi iliyooteshwa kwa nguvu inanyauka haraka kuliko ilivyonyauka mara ya kwanza. Baada ya wiki chache kinga ya mwalimu itakuwa chini kuliko ya mzee yeyote wa zamani. Itabidi akae Nyumba ya Hewa, kule juu. Hewa inachujwa, mtu haingii bila kuvaa mavazi kamili. Huenda mwaka, huenda zaidi, mpaka tupate kiwango kitakachomlinda bila kuulisha uvimbe. Kama kipo."

"Hapana," Tupokigwe alisema.

Alilisema kwa utulivu, akiwa amekunja mikono mapajani. "Kateni mnachoweza kukata. Kipandikizi kiacheni kilivyo. Nitacheza mpaka nishindwe, nitalala kitandani kwangu, na siku ya kufa watu wangu wawe wamenishika. Sitakwenda kuchungulia watu kupitia kioo kama samaki."

Daktari alimtazama Nsajigwa.

Hapo ndipo Nsajigwa alipokumbuka sheria. Kila mwenye kipandikizi alikuwa na msemaji wake, na kiwango kilipotakiwa kubadilishwa, ni neno la msemaji lililohesabiwa, si la mgonjwa. Sheria ilikuja baada ya misiba. Watu waliojaa homoni za ujana walikataa matibabu huku wakicheka. Wakishashushwa, walilia wakiomba yaleyale waliyoyakataa. Wanasheria na madaktari waliona kwamba homoni hugusa hata woga na ujasiri wa mtu, na kwamba anayebadilishwa hawezi kuamua kuhusu kubadilishwa kwake. Tupokigwe alikuwa amemtaja mumewe. Wakati ule lilionekana jambo dogo, kama kutaja jina la jirani wa kupokea mzigo.

"Mwalimu, naomba utusubiri nje kidogo," daktari alisema.

"Sitoki. Akiniamulia, aniamulie nikiwa nimekaa hapa."

Nsajigwa alijifuta jasho ingawa chumba kilikuwa na baridi. "Daktari, haya anayoyasema. Ni yeye anayesema?"

"Sijui, baba. Hatuna kipimo cha hilo."

Mwanamke aliyemwoa aliogopa radi. Aliogopa daraja la mto, mbwa akibweka alimwamsha mumewe, barua ya serikali ikifika hakuifungua peke yake. Huyu aliyekaa hapa alikuja polepole baada ya kipandikizi, mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja akawa anawafokea waamuzi uwanjani. Nsajigwa alimpenda yule na alimpenda huyu. Hakuwahi kutakiwa kuchagua kati yao.

"Unajua ninachotaka," Tupokigwe alimwambia. "Nimekisema kwa Kiswahili."

"Nakusikia, Mama Ikupa."

"Basi sema."

Nsajigwa aliutazama uvimbe kwenye picha, mweupe na mdogo. Akafikiri, akiishi, atanikasirikia. Na mtu anayekukasirikia yupo.

"Kishusheni," alisema.

Tupokigwe hakupiga kelele. Alimgeukia akamwita "Nsajigwa," jina tupu, ambalo hakuwahi kumwita nalo tangu walipopata mtoto.

*

Nyumba ya Hewa ilikuwa mlimani, juu ya mashamba ya chai. Kila chumba kilikuwa na ukuta mmoja wa kioo, na nje ya kioo palikuwa na kigoda na kipaza sauti. Walimkata titi pamoja na uvimbe wake, wakashusha kipandikizi hatua kwa hatua. Nsajigwa alipanda kule kila siku baada ya kazi. Majuma ya kwanza Tupokigwe alilala akiwa amegeukia ukuta, na Nsajigwa alizungumza na mgongo wake: mvua imenyesha, paka amezaa, timu imepata senta mwingine lakini hajui kuruka.

Uzee aliokuwa ameahirishiwa ulimjia kwa mkupuo. Joto la ghafla lilimpanda mpaka akavua nguo zote, halafu akatetemeka kwa baridi. Nywele zilibaki kwenye mto. Magoti yalimkatalia. Wauguzi waliingia wakiwa wamevaa kama wafuga nyuki, wakamgeuza, wakatoka.

Siku moja aligeuka mwenyewe, akaja taratibu mpaka kwenye kioo, akaketi. Nsajigwa alishtuka. Uso ule aliujua, lakini hakuwa ameuona kwa miaka mingi. Macho yalikuwa makubwa, yakimtazama mtu kama yanayoomba ruhusa.

"Baba Ikupa, radi ilipiga jana. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Niliogopa sana. Hakukuwa na mtu." Akagusa kioo kwa kidole. "Daktari anasema mbegu zimenywea. Picha zimetoka safi."

"Aliniambia. Namshukuru Mungu."

"Ulifanya vizuri kutonisikiliza. Nilikuwa sijui ninachosema. Nikifikiri ningekiacha kile kitu kinile…" Akajishika mahali palipokuwa na titi. "Usikubali wakipandishe tena. Hata nikikuomba. Niahidi."

Hilo ndilo neno alilotamani kulisikia, lakini alipolisikia halikumfurahisha. Alijiona kama mtu aliyesamehewa na mtu mwingine, si yule aliyemkosea.

"Nakuahidi," alisema.

Mbegu za saratani zililala. Kilichoamka ni kingine. Upele wa malengelenge ulimtoka kwenye paji la uso, ukashuka mpaka karibu na jicho. Mkanda wa jeshi. Daktari Subilaga alimweleza Nsajigwa wakiwa wamesimama koridoni: ni tetekuwanga aliyougua utotoni, ilijificha kwenye mishipa ya fahamu miaka yote ile huku askari wakiulinda mlango, na sasa mlangoni hapakuwa na mtu. Baada yake ukaja utando wa fangasi wa mdomoni, ule wa watoto wachanga, ukashuka kooni na kuingia mapafuni.

"Lakini hewa inachujwa," Nsajigwa alisema. "Hakuna anayeingia bila mavazi yale."

"Kioo kinazuia cha nje, baba. Hivi alikuwa navyo ndani. Sote tunavyo."

"Mpeni dawa."

"Tunampa. Dawa inasaidia askari, haiwezi kupigana peke yake. Tukikipandisha kipandikizi leo, tezi itaanza kutoa askari wapya na huenda akavuka. Tusipokipandisha, sidhani kama ataimaliza wiki."

"Na tukikipandisha, zile mbegu?"

"Zitaamka. Lini, siwezi kukwambia."

Ikupa, binti yao, alikuwa amefika kutoka Mbeya. Alisimama karibu na kioo, amejifunga kanga begani, akimtazama mama yake aliyelala na mpira wa hewa puani.

"Kipandishe, baba," alisema.

"Amenikataza. Nimemwahidi."

"Mimi namtaka mama yangu. Huyu simjui."

"Huyu ndiye niliyemwoa!" Nsajigwa alisema kwa sauti iliyomshtua hata yeye. Muuguzi akageuka. Ikupa akainamisha kichwa, akaanza kulia bila sauti.

Nsajigwa alikaa kwenye kigoda, akabonyeza kipaza sauti. "Mama Ikupa. Wanasema bila kupandisha hutavuka."

Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Lile jingine lilimtafuta. "Uliniahidi," alisema. Alikohoa muda mrefu. "Naogopa kuliwa. Niache niende hivihivi. Uliniahidi."

Daktari alisubiri. Hakumharakisha, na Nsajigwa alitamani amharakishe, au apandishe tu kwa amri yake ili wapate mtu mwingine wa kumlaumu. Alimwomba hivyo hasa. "Mwanangu, amua wewe. Wewe ndiye uliyesoma."

"Nikiamua mimi ni kosa la jinai, baba. Na hata lisingekuwa kosa, nisingejua la kuamua."

Akasikiliza kikohozi kile. Hakuweza kukivumilia. Baadaye, alipojiuliza kwa nini aliamua vile, hakupata sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

"Kipandisheni."

*

Alivuka. Mapafu yalisafika, upele ukakauka na kuacha makovu, nywele zikaota fupi na nyeusi. Mvua za masika zilipoanza alirudi nyumbani kwa miguu yake, akamsukuma Nsajigwa kando ya jiko akisema ndizi zake hajui kuzimenya.

Mambo ya Nyumba ya Hewa aliyakumbuka nusunusu, kama ndoto ya mwenye homa. Siku moja, akimenya, aliuliza bila kuinua kichwa, "Nilikuomba nini kule?"

Nsajigwa angeweza kudanganya. "Uliniomba nisikubali wakupandishe. Nilikuahidi."

"Na ukapandisha."

"Nikapandisha."

"Mara ya kwanza hukunisikiliza. Mara ya pili hukunisikiliza."

"Ndiyo."

Kisu kiliendelea kutembea. Aliosha ndizi, akaziweka kwenye sufuria, akazifunika kwa jani. Nsajigwa alingoja ahukumiwe, awe huru.

"Parachichi zinaanguka," Tupokigwe alisema. "Kesho tukachume."

Walichuma. Walikuwa na miezi mizuri, zaidi ya walivyotazamia. Alicheza netiboli kidogo, dakika chache mwisho wa mechi, watu wakimpigia makofi. Halafu mgongo ukaanza kumuuma, na picha zikaonyesha mifupa ya uti imetobolewa, ini limejaa, na ndani ya kichwa, upande wa kushoto, doa. Daktari Subilaga alisema sasa hata wakikishusha haitasaidia; uvimbe ulikuwa umejifunza kuishi bila chakula kile. Tupokigwe aliomba kitu kimoja, alale nyumbani, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebishana naye.

Maneno yalimwishia moja moja. Kwanza majina ya watu, kisha majina ya vitu, kisha yote.

Lakini mwili haukukubali. Saratani ilimla mpaka akawa mwepesi kama mtoto wa shule, na kinga ikamlinda kwa uaminifu uleule. Vidonda vya mgongoni vilivyotokana na kulala vilifunga vyenyewe. Mara mbili mapafu yalianza kujaa, akapandwa na homa, Ikupa akaanza kuita ndugu. Na mara zote mbili asubuhi iliyofuata homa ilikuwa imeshuka, anapumua vizuri, analia kwa maumivu. Moyo ulikuwa wa mwanamke wa miaka thelathini. Ulipiga tu.

Daktari alikuja nyumbani. Alimpima, akamfunika, akakaa kwenye stuli karibu na Nsajigwa na Ikupa.

"Mtu wa zamani, akifika hapa, homa ndogo ya mapafu ilikuwa inampitia, anapumzika," alisema. "Kinga yake haimruhusu. Anaweza kukaa hivi kwa miezi. Dawa za maumivu zimefika mwisho wa ninachoruhusiwa kutoa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuna kukizima. Kabisa. Halafu tunangoja." Akatazama chini. "Hilo nalo ni lako, baba. Pole sana."

Nsajigwa alipiga magoti kando ya kitanda. Akaweka mdomo karibu na sikio la mkewe. "Mama Ikupa. Wanataka kujua kama wakizime. Nataka uniambie wewe. Mara hii nitafanya utakavyosema. Fumba macho kama unataka. Au nibane kidole."

Alimwekea kidole kiganjani. Tupokigwe alikuwa amefumbua macho, yakifuata mwanga wa dirishani. Alifumba, akafumbua. Huenda lilikuwa jibu, huenda ni kupepesa tu. Kiganja kilikuwa na joto na hakikubana.

"Rudia," Nsajigwa alimwambia. "Rudia, nione."

Hakurudia. Alimuuliza tena, kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyakyusa, polepole, kama anavyoulizwa mtoto. Nje mvua ilianza, ikapita. Daktari alikuwa ameshika mapajani kifaa cha kuzimia kipandikizi.

"Baba," Ikupa alisema.

"Subiri kidogo."

"Tumesubiri tangu asubuhi, baba."

Tupokigwe alianza kulia tena, ule mlio mwembamba usio na neno. Nsajigwa akainua uso akamtazama binti yake, akamtazama daktari, kama mmoja wao angeweza kumpokea mzigo. Wote wawili walikuwa wanamtazama yeye.

"Kizimeni," alisema.

Daktari alipitisha kifaa juu ya bega. Kililia mara moja, kwa sauti ndogo. Hakuna kilichobadilika. Tupokigwe aliendelea kupumua kama alivyokuwa anapumua, na Nsajigwa alibaki amepiga magoti asijue afanye nini sasa na mikono yake.

Ilichukua wiki mbili. Homa ilipokuja, hapakuwa na wa kuizuia. Alifariki asubuhi, Ikupa akiwa amemshika mkono na mumewe akiwa amemshika mguu, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Wanawake wa timu walimbeba. Makaburini watu walimjia Nsajigwa mmoja mmoja wakamwambia alifanya vizuri, mama amepumzika, mzee umejitahidi. Alimshukuru kila mmoja.

Walipokuwa wakirudi, kwenye kijia cha migombani karibu na nyumba, alimngoja Ikupa amfikie.

"Yale macho," alisema. "Alipofumba. Unadhani alikuwa ananijibu?"

Ikupa alitamani kumpa baba yake kitu.

"Sijui, baba."

"Mimi pia sijui," Nsajigwa alisema, na wakaingia ndani.